Bi Fagio wa Njia ya Mlimani

Siku fundi wa matairi alipomwona kwa mara ya kwanza, alidhani yule mama amechanganyikiwa. Alisimamisha gari la kampuni ya kutembeza wageni pale lami inapoishia, mbele ya kibanda cha mabati cha fundi, akazima injini, akashuka na kumwambia atoe upepo kwenye matairi yote manne. Fundi alikuwa na miaka ishirini na mitatu katika kazi ile. Watu walikuja kwake kuongezewa upepo, kuzibiwa pancha, kubadilishiwa tyubu. Hakuna aliyewahi kuja na matairi mazima akataka yapunguzwe pumzi.

Fundi hakuwa mtu wa maneno. Alisoma mpaka darasa la saba, akaingia kwenye matairi, na huko akakuta hakuna anayemdai hotuba. Akizungumza na mteja, macho yake yalikuwa kwenye gurudumu. Kwa hiyo akaliuliza gurudumu: mpaka ngapi?

"Ishirini," mama akasema. "Na mimi niko huku juu, fundi, siko huko chini."

Alikuwa mwanamke mfupi, amevuka hamsini, mikono ya shati imekunjwa mpaka viwikoni, miguuni buti za mpira. Nyuma ya kiti chake, kati ya jeki na sepetu, palikuwa na fagio la mpini mrefu. Fundi aliliona, akataka kuuliza, akaona haya. Mama ndiye aliyezungumza. Alimweleza kwamba tairi lililojaa ni gumu, na likifika kwenye tope linachimba kama jembe, likifika kwenye jiwe linaruka. Likipunguzwa linajitandaza, linashika ardhi bila kuikwaruza, na abiria hawagongani vichwa. Akirudi jioni atayajaza tena kabla ya kukanyaga lami, kwa sababu tairi laini kwenye lami hupata joto na kupasuka. Fundi alisikiliza huku geji ikiwa mkononi. Miaka ishirini na mitatu, na hilo hakulijua.

Madereva wenzake wa kampuni walikuwa wamekaa kwenye benchi la kibandani wakisubiri wageni wao. Mmoja, kijana wa mbio ambaye wote walimwita Kimbunga, akauliza kwa sauti ya kusikika na kila mtu, "Mama, hilo ni gari au godoro?"

Mama hakugeuka. "Godoro. Ndiyo maana abiria wangu hurudi wamelala. Wako hurudi wamefungwa bandeji."

Benchi zima likacheka, na Kimbunga naye akacheka, lakini kwa kuchelewa kidogo.

Tangu siku ile mama akawa mteja wa asubuhi na jioni. Asubuhi ishirini, jioni thelathini na tano. Fundi alikuwa akiishi na dada yake mkubwa, dobi, uani nyuma ya kibanda, na dada hakuchelewa kugundua kwamba siku za safari mdogo wake huamka mapema na kupanga spana zake kama vijiko vya harusi. Akawa anamuuliza kila jioni kama wifi kapita leo. Fundi alikuwa hajamuuliza yule mama hata jina.

Jina la kazini alilijua. Walimwita Bi Fagio. Madereva ndio waliompa jina hilo ili wamkere, yeye akalipokea kama cheo, na mgeni akimuuliza anaitwa nani, alijibu hivyohivyo bila kucheka.

Sifa zake nyingine fundi alizipata kwa masimulizi ya benchi. Walisema akifika kwenye kijito hasogei mpaka ashuke, achukue fimbo, avuke kwanza kwa miguu. Mahali asipoweza kusimama yeye, alikuwa akisema, gari lake haliwezi kusimama vizuri zaidi. Maji yakimpita magoti, anageuza, hata kama wageni wanalia. Walisema mheshimiwa mmoja aligoma kufunga mkanda, kwa kuwa tumbo lake halipendi kubanwa. Bi Fagio akatoa kitambaa, akaanza kufuta kioo cha mbele taratibu, akakifuta na kukirudia, mpaka mheshimiwa akafunga. Na kubwa kuliko yote, walisema hachepuki. Wenzake wakikuta tope njiani hulizunguka kwa kupita kwenye majani. Kesho yake majani yale nayo yamekuwa tope, kwa hiyo anayefuata anazunguka mbali zaidi, na njia iliyokuwa na upana wa gari moja inakuwa uwanja wa mpira. Bi Fagio alikuwa akipita katikati ya tope lenyewe, kwa gia nzito, polepole, anarudi gari limepakwa mpaka kwenye vioo. Kimbunga alisema mama anaendesha kama anayelima.

Habari ya fagio fundi aliipata kwa macho yake. Siku moja jiwe lilichana tairi la kampuni mlimani, akatumwa apande na Bi Fagio kwenda kuliziba. Wakiwa njiani, ukungu ukashuka, na mahali fulani Bi Fagio akakata kona mapema, akajikuta kwenye majani. Akasimama papo hapo. Akarudi nyuma kwenye alama zake zilezile mpaka njiani, akavuta breki ya mkono, akashuka na fagio. Fundi alimtazama akizifagia alama za magurudumu yake, akiinua majani yaliyolala moja moja kama mtu anayechana nywele, kisha akalaza tawi kavu kukinga pale alipoingilia.

Aliporudi kwenye usukani alisimulia mwenyewe, bila kuulizwa. Huko juu hakuna vibao. Njia ni alama za magurudumu tu, na dereva akiingia kwenye ukungu hufuata alama mbichi, akiamini aliyetangulia alijua anakokwenda. Miaka mingi nyuma, katika mlima mwingine, alipotea namna hii hii. Alipofunga breki aliona vilele vya miti chini ya boneti. Akarudi nyuma, akashukuru Mungu, akaendelea na safari. Nyuma yake alikuwa anakuja mwalimu wake, mzee aliyemfundisha gari tangu hajui klachi. Mzee akaziona alama zake, akazifuata. Gari liliporomoka nusu ya mlima. Alitoka hai, lakini miguu haikumbeba tena.

"Nilipokwenda kumwona hakunilaumu," Bi Fagio akasema. "Aliniuliza tu, 'Mwanangu, ulipogundua umepotea, mbona hukurudi ukafuta?'"

Akawasha gari. Wakapanda mpaka kwenye tairi lililochanika.

Msimu wa mvua ulipoanza, bosi wa kampuni alipata wageni wazito, watu ambao wangeweza kumletea wengine mwaka mzima, akawaahidi watakula chakula cha mchana kambini kwake, juu mlimani. Magari yalikuwa matatu. Bi Fagio alitangulia, bosi akiwa kiti cha mbele, na nyuma yao wageni wawili wazee, mtu na mkewe, pamoja na fundi na boksi lake la vifaa, kwa sababu bosi hakutaka aibu ya pancha. Kimbunga alifuata, na dereva mwingine akawa wa mwisho.

Karibu na juu njia inalizunguka bonde dogo la majani laini. Ndani ya bonde hilo ndimo ilimo chemchemi, na bomba la maji ya mtaa wa fundi linaanzia hapo. Siku ile, pale njia inapokunja, palikuwa na tope la kufika nusu ya gurudumu. Bosi akatazama saa, akatazama bonde, akanyoosha kidole na kuagiza wakate hapo katikati. Ng'ambo ya bonde njia ilionekana, karibu kama ng'ambo ya barabara.

Bi Fagio alizima injini.

Bosi akadhani hakusikia, akarudia. Mama akamweleza kwa adabu kwamba tope lile linapitika. Wageni washuke watembee ukingoni, hatua mia mbili, yeye atalivusha gari lake, na wenzake wakitaka atayavusha na yao. Bondeni chini ya majani ni maji. Gari likipita mara moja linaacha mifereji, na mvua ikinyesha mifereji inakuwa korongo. Bosi akasema hakumwajiri awe mhandisi. Akamkumbusha gari ni la nani.

"Gari ni lako, bosi," Bi Fagio akasema. "Alama zitakuwa zangu. Sipiti hapo."

Fundi aliyatazama magoti yake mwenyewe. Alijua, kama walivyojua wote, kwamba kazi ile ndiyo iliyowalisha Bi Fagio na mama yake mzazi aliyekuwa kitandani, na kwamba hakuna kampuni nyingine iliyokuwa inatafuta dereva mwanamke wa miaka hamsini na tatu. Mwenyewe alijua kuliko wote. Bosi naye alijua, akamwambia wazi: akate bonde, au hili ndilo gari lake la mwisho.

"Basi ngoja nilivushe vizuri," akasema, na akashuka kwenda kupima tope kwa fimbo.

Bosi akahamia gari la Kimbunga. Kimbunga akaingia bondeni kwa kishindo, maji yakaruka, gari likayumba kama mlevi, likatoka ng'ambo. La tatu likafuata alama zake, likatoka nalo. Ukweli lazima usemwe: hakuna aliyenasa. Walipiga honi walipofika upande wa pili. Wazee wawili walitembea ukingoni na fundi, wameshikana mikono, na Bi Fagio akapita katikati ya tope bila papara, matairi yakilala na kuinuka, mpaka akatoka. Walifika kambini wamechelewa dakika arobaini. Wenzao walikuwa wameshaanza kula.

Alifukuzwa palepale, mbele ya sahani. Aliweka funguo juu ya boneti, akasema tairi la nyuma kushoto limepungua upepo, atakayelichukua gari aliangalie kabla ya kushuka. Kisha akachukua fagio lake nyuma ya kiti, akaanza kuteremka mlima kwa miguu.

Bosi alimwambia fundi alale kambini na wageni, kesho ashuke na gari la Kimbunga. Fundi akaliambia gurudumu lililokuwa karibu kwamba atatembea. Akabeba boksi lake begani, akamfuata.

Walipofika bondeni Bi Fagio alivua buti. Mifereji ilikuwa miwili, mirefu, tayari ina maji ya rangi ya kahawia. Hawakuwa na sepetu, kwa kuwa sepetu lilikuwa la kampuni. Walitumia mikono na kipande cha bati. Walirudisha mabonge ya majani mahali pake, wakayakanyaga yashike, wakaburuta magogo kukinga pale magari yalipoingilia. Jua lilikuwa limeinama walipomaliza nusu.

Juma lililofuata madereva waliyaondoa magogo. Njia ya mkato ilikuwa imeshapata wenyewe. Bi Fagio akapanda tena, akayarudisha, na wao wakayaondoa tena. Mchezo huo ulikwenda majuma saba. Bosi alituma neno kwa kampuni nyingine kwamba mama yule ni mkaidi, na kila alikoomba kazi neno lilikuwa limeshafika. Akawa anasaidia kuuza dukani kwa jirani yake siku sita, siku ya saba anapanda mlima. Siku moja alipita mbele ya kibanda, fagio begani, na Kimbunga akiwa kwenye benchi akamuuliza kama siku hizi ameajiriwa kufagia msitu.

"Nafagia ulipokanyaga wewe," akajibu akiwa anatembea. "Ukijifunza kuendesha utanipumzisha."

Safari hiyo benchi lilicheka, Kimbunga hakucheka hata kwa kuchelewa.

Kisha mvua kubwa ikanyesha siku nne mfululizo, na mifereji ikawa makorongo. Udongo wa bonde ulishuka wote kwenye chemchemi, chemchemi ikaingia bombani. Dada wa fundi alifungua bomba la uani asubuhi akapata maji ya rangi ya chai ya maziwa. Alidhani ni la kupita. Siku ya tatu alikuwa na rundo la mashuka meupe, amesuuza mara nne, na yote yamekuwa ya rangi moja na ukuta. Na mashuka yenyewe, kati ya wateja wote duniani, yalikuwa ya kambi ya mlimani.

Fundi hakuwahi kumwona dada yake akitembea haraka vile. Aliyafunga mashuka mabichi kwenye shuka mojawapo, akajitwika, akaenda nayo mpaka ofisini kwa bosi, maji yakimchuruzika mgongoni. Nyuma yake mtaa ulikuwa unajiunga, kila nyumba na ndoo yake. Akayashusha juu ya meza, juu ya makaratasi.

"Mlitaka njia ya mkato," akasema. "Basi laleni juu yake."

Siku ileile wanaume na wanawake wa mtaa walipanda na mawe, wakaziba maingilio ya bonde kwa ukuta wa kufika kifuani. Wengi walikuwa hawajui kwamba kuna mtu aliyekuwa akiyaziba peke yake kila juma. Walipofika walimkuta yuko huko, amechafuka mpaka usoni, akawaonyesha mawe makubwa yako wapi.

Bosi hakuwa mtu mjinga. Wageni walikuwa wakilalamikia mashuka, na wale wazee wawili waliotembea ukingoni walikuwa wameandika barua wakimuulizia dereva wao. Akapeleka ujumbe kwa Bi Fagio kwamba wakutane kibandani kwa fundi, wayamalize. Alikuja na madereva wote. Wakakaa kwenye benchi, na waliokosa nafasi wakakalia matairi. Bi Fagio alisimama. Fundi alijifanya anatafuta kitu ndani ya tyubu.

Bosi alizungumza kwa upole. Alisema kazi ipo, gari lipo, mshahara utaongezwa kidogo. Yeye hana kinyongo. Ila mbele ya wenzake, kwa ajili ya nidhamu, mama aseme tu kwamba siku ile alikosea kukataa agizo. Maneno mawili, "samahani, nilikosea," kisha achukue funguo. Akaziweka juu ya kompresa. Ili kulainisha mambo akamgeukia fundi na kusema, wewe ulikuwepo, mweleze mama kwamba hapakuwa na njia nyingine.

Fundi akaiweka tyubu chini.

"Njia ilikuwepo, bosi," akasema. "Yeye alipita."

Hakuwahi kusema maneno mengi kuliko hayo mbele ya watu wengi kiasi kile. Bosi alimtazama kama mtu aliyejibiwa na spana. Akarudi kwa Bi Fagio, upole umepungua, akamuuliza kama kweli atakataa kazi na mama yake yuko kitandani, kwa sababu ya maneno mawili.

"Wewe ndiye unayeninyima kazi kwa sababu ya maneno mawili," Bi Fagio akasema. "Mimi nilikuja kuendesha. Nimewahi kukosea mlimani, bosi, kosa kubwa, na niliyemkosea nilimpigia magoti. Nalijua kosa lilivyo. Hili silo."

Kimbunga aliinua mkono kama yuko darasani, akasema labda mama asiseme lolote, achukue tu funguo, wao wote wageuze shingo. Wengine wakaguna kukubali. Bosi akakataa. Bi Fagio akazichukua funguo juu ya kompresa, akazitazama, akampa bosi mkononi mwake ili asije akasema zimepotea. Kisha akaaga kila mmoja, Kimbunga naye, akaondoka.

Dada wa fundi alisikia yote akiwa uani. Jioni hakuuliza kama wifi kapita. Alimwekea mdogo wake chakula, akakaa naye mpaka akala.

Miezi minne ilipita. Bonde liliota majani upya, maji ya bomba yakarudi kuwa maji. Madereva wa kampuni walianza kupunguza upepo kabla ya kupanda, mmoja baada ya mwingine. Kimbunga alikuja wa mwisho, na aliegesha gari nyuma ya kibanda ili lisionekane kutoka barabarani. Tope la kwenye kona walilipita katikati, kwa kuwa mtaa ulikuwa umeweka zamu ya kutazama. Lakini gari la mbele hakupewa Bi Fagio, na bosi hakulitaja jina lake tena.

Siku ya mwisho fundi kumwona ilikuwa asubuhi, lori likiwa limesimama na injini inanguruma. Lilikuwa la watu wanaosimika nguzo za umeme kwenye milima ya mbali, mwendo wa siku mbili, mahali pasipo na njia kabisa ila ile atakayoichagua dereva. Walikuwa wamemchukua yeye aendeshe. Mama yake alikaa kiti cha katikati, amezungushiwa mito, macho makali kama ya mwanawe, akimuuliza kila mtu wanachelewa nini.

Fundi alikagua matairi sita na la akiba. Hakukuwa na kazi, alikagua tu. Alipofika upande wa dereva aliuliza kile kilichomsumbua tangu asikie habari: je, hao waajiri wapya wanajua alifukuzwa kwa sababu gani? Wasije wakasikia huko mbele, wakamshusha katikati ya pori.

Bi Fagio alivuta mkanda, akaufunga, akaufunga na wa mama yake. Akaingiza gia. Alichosema kabla ya kuachia breki ndicho cha mwisho fundi alichowahi kusikia kutoka kwake.

"Nimewaambia mwenyewe, kabla hawajanipa funguo. Nimewaambia, siku mkiniagiza nipite pasipopitwa, mtanifukuza, kwa hiyo andaeni barua kabisa. Wakacheka, fundi. Wanadhani natania."